Tengenezeni njia ya anayesukuma, anayekimbia ataifuata

Barua ya wazi kwa Mameneja wa TANROADS na TARURA Mkoa wa Kigoma, na kwa madiwani wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe

Ndugu wahandisi na waheshimiwa madiwani,

Kwa miaka mingi kilio cha Kigoma kilikuwa kimoja: lami. Safari ya kutoka Nyakanazi hadi Kasulu ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na abiria wa njia hiyo wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Kilio hicho kimesikika. Mbali na kipande cha Kidahwe hadi Kasulu na kile cha Nyakanazi hadi Kabingo, mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu wenye kilomita 260 ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, na kazi ikagawanywa katika vipande vinne. Siandiki kuilalamikia lami. Naandika kwa sababu lami ikishamwagwa, suala la nani ana nafasi juu yake huwa gumu kufunguliwa tena, na yuko mtumiaji mmoja ambaye ni rahisi mno kumsahau: mwenye baiskeli. Hoja yangu ni moja. Barabara za milima ya Buha, nchi ya Waha, zipimwe, zikarabatiwe na zisimamiwe kwa kipimo cha mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo mlimani. Mkifanya hivyo mtalinda maisha ya wenyeji, na kwa kazi hiyohiyo mtakuwa mmepata njia ya utalii na ya michezo ya baiskeli. Mkianza na mtalii, mtapata kibao chenye picha nzuri na barabara ileile inayoua.

Kwanza tuulize kwa nini watu wa Kasulu na Kibondo wamejaa barabarani. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa Waha kwenye makazi yao yaliyotawanyika vilimani na mabondeni, ikawapanga katika vijiji vya ujamaa, na vijiji vingi vikawekwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie kwa urahisi. Matokeo yake tunaishi nayo hadi leo: nyumba, shule, zahanati, kisima na gulio vimeshikana na barabara kuu, huku shamba likiwa limebaki mbali, nyuma ya kilima au ng'ambo ya mto. Kila gunia la maharage na kila mkungu wa ndizi hutoka shambani kwa njia ya mguu, huingia barabara ya vijijini ya TARURA, kisha humalizia safari juu ya barabara kuu ya TANROADS. Mwanafunzi wa shule ya kata hupita njia hiyohiyo alfajiri na jioni. Kwa hiyo ni dola yenyewe iliyowaleta watu barabarani, na haiwezi leo kuwaambia kwamba barabara ni ya magari na wao ni wavamizi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imepanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba zikawekewa alama ya X ya kubomolewa. Mwananchi aliyeambiwa apishe mita 30 ana haki ya kuuliza kama katika hizo 30 hazimo hata mita mbili zake.

Tuitazame na baiskeli yenyewe, maana upana wa bega la barabara haupangwi bila kujua kinachopita juu yake. Ni ile baiskeli nzito ya chuma, Phoenix au mfano wake, isiyo na gia, ambayo keria yake imeongezewa nondo na fundi wa kuchomelea. Gunia hulazwa kwa kukingama juu ya keria na kukazwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Usukani una upana wa sentimita 60 hivi. Gunia lililokingama hukaribia mita nzima. Mlima ukianza, mwenyewe hushuka: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti au kwenye gunia, mgongo umeinama, naye anatembea ubavuni mwa baiskeli. Gunia, baiskeli na mtu kwa pamoja vinamaliza mita moja na nusu bila kuyumba, na anayesukuma mzigo mkubwa kuliko uzito wake hawezi kukosa kuyumba. Mlima ukiisha, shida inageuka sura. Mzigo uleule sasa unateremka, ukitegemea vipande viwili vya raba vinavyobana ringi. Ringi ikilowa, na mvua za huku hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, breki huchelewa kushika. Anayeteremka hivyo anahitaji bega lisilo na shimo, lisilo na ukingo uliomegeka, na lisiloishia ghafla kwenye mtaro wa mawe usio na mfuniko.

Hapo ndipo lami inapobadilisha hatari. Barabara ya changarawe ilikuwa na adhabu yake kwa dereva mwenye haraka: makorongo na mawe yalimpunguza hata kama hakutaka. Lami imemfungulia. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, nishati ya gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mara mbili na nusu ya nishati ya gari hilohilo likienda 50, na kwa mwendo huo wa 80 basi hula mita 22 kila sekunde. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4; na katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka katika barabara za dunia, zaidi ya nusu vikiwa vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Sheria yetu tayari inataka 50 kwenye makazi. Lakini vijiji vilivyopangwa mfululizo kando ya barabara havina mwanzo wala mwisho ambao dereva anaweza kuuona. Kibao cha 50 kinafuatwa na kibao cha kukifuta, na baada ya mita mia chache nyumba zinaanza tena. Dereva hujifunza kudharau vyote viwili. Kwa hiyo uhai wa mwenye baiskeli hauwezi kuachiwa kibao na tochi ya trafiki peke yake. Unahitaji nafasi iliyojengwa.

Nafasi hiyo si barabara ya pili. Kwenye miinuko mikali, bega la upande wa kupanda lipanuliwe lifike mita mbili, liwe la lami, na liwe sawasawa na njia ya magari bila ngazi kati yao. Kwenye tambarare linaweza kubaki jembamba. Rasta, yale matuta madogo ya lami yanayotangulia vivuko na shule, zikatishwe kabla ya kufika kwenye bega, kwa sababu zikivuka hadi ukingoni mwenye mzigo hubaki na njia mbili mbaya: kuzipanda na kumwaga mzigo, au kuzikwepa kwa kushukia mtaroni. Vyuma vya kingo kwenye kona na madaraja visimamishwe nje ya bega, visiwe juu yake. Mitaro iliyo katikati ya vijiji na masoko ifunikwe kwa slabu za zege. Na pale mhandisi aliponyoosha kona, kile kipande cha barabara ya zamani kilichoachwa pembeni kisigeuzwe shimo la kuchimbia kifusi. Kikichongwa mara moja kwa mwaka kinatosha kuwa njia ya baiskeli na ya watoto wa shule, mbali kabisa na malori. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ardhi mpya, fidia mpya au utaalamu usiokuwepo Kigoma.

Mkishayafanya hayo kwa ajili ya mbeba maharage, tazameni mmepata nini. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu ya mita 1,200. Mwendesha baiskeli anayeondoka Kigoma mjini huacha mwambao na michikichi yake, akapita Mwandiga na Kidahwe, na kutoka Kidahwe akapanda kilomita 63 hadi Kasulu; akatoka Kasulu kwa kilomita 68 kupitia mashamba ya kahawa na migomba ya Buhigwe hadi Manyovu, mpakani na Burundi; kisha akashuka kilomita 60 hadi Mwandiga na kurudi ziwani. Huo ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 200, kutoka mwambaoni hadi kilimani na kurudi, bila kurudia barabara ileile isipokuwa pale mwisho. Ukiongeza mkono wa kaskazini, kutoka Kasulu kupitia Makere, Kifura, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, unapata siku kadhaa za mashamba, miombo na mizinga ya nyuki, huku upande wa mashariki yakienea mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaotoka Rwanda kuelekea Katavi na Zambia tayari hupita humu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia rasmi kwamba hii ni njia yao, na bega la kulithibitisha neno hilo.

Mapato ya njia hiyo yasitiwe chumvi. Hayatafikia ya Serengeti. Lakini tuangalie pesa zinaangukia wapi. Mtalii wa Gombe au Mahale huja kwa ndege na kupanda boti; Kibondo haimwoni. Mwenye gari hupita Kakonko akiwa amefunga vioo. Mwendesha baiskeli hawezi kufanya hivyo. Siku yake ni kilomita 80 au 100, na kila siku lazima ale, anywe, alale na pengine azibe pancha katika mji ambao hautajwi kwenye vitabu vya utalii. Fedha yake ni ndogo, lakini huanguka kwa mama lishe, kwenye gesti na kwa fundi baiskeli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili naomba mpangilio ugeuzwe: mwenyeji apone kwanza, na mgeni atakuja kwa sababu atakuta njia iliyopona. Baiskeli nyepesi ya mashindano hupita raha mustarehe kwenye bega lililopimwa kwa gunia, lakini gunia halipiti kwenye kijia kilichochorwa kwa ajili ya mashindano ya siku moja.

Jirani zetu wametupa ushahidi wa pande zote mbili. Rwanda, mwaka 2005, ilitembelewa na Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka Marekani. Kazi yake ya mwanzo kule ilikuwa kubuni baiskeli ya mzigo yenye mkia mrefu, kwa ajili ya wakulima wa kahawa, ili matunda yafike mapema kwenye vituo vya kuoshea. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano, na katika vuguvugu hilo ikazaliwa timu iliyolelewa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Tour du Rwanda, iliyoanza mwaka 1988, ikaingia kwenye kalenda ya Afrika ya chama cha kimataifa cha mchezo huo mwaka 2009, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani. Mzigo ulitangulia, medali zikafuata. Burundi, ng'ambo tu ya Manyovu, inaonyesha upande wa pili. Kwenye mlima wa kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, vijana wenye baiskeli hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe juu, kisha huteremka na mizigo ya ndizi na mkaa kwa mwendo wa kutisha. Machi 2022 serikali ya huko ilipiga marufuku baiskeli, bajaji na pikipiki katikati ya Bujumbura. Marufuku huhamisha baiskeli. Haiondoi haja iliyomfanya mtu aipande.

Najua mtakachojibu kwanza: hakuna fedha. Ni jibu la kweli, lakini halitoshi. Gharama kubwa ya barabara iko kwenye kukata milima, kujaza mabonde, madaraja na tabaka za chini zinazobeba malori. Upana wa ziada wa bega kwenye miinuko peke yake ni sehemu ndogo ya kazi hiyo, na rasta iliyokatishwa mapema hutumia lami pungufu. Kinachogharimu ni kurudi baadaye. Kwenye kipande ambacho mkandarasi bado yuko, au ambacho kipo katika kipindi cha matazamio, marekebisho ni maelekezo na mashine iliyo karibu; mkandarasi akishaondoa mitambo, jambo hilohilo linakuwa mradi mpya wenye zabuni mpya. Wapo watakaosema mwenye baiskeli halipi tozo ya mafuta, kwa hiyo hachangii Mfuko wa Barabara. Lakini mkopo unalipwa na kila Mtanzania anunuaye sabuni na sukari, na mazao yaliyo juu ya keria ndiyo yanayoziletea halmashauri zenu ushuru. Zaidi ya hapo, wahandisi mnajua kanuni ya ekseli: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa lami hukaribia mara 16. Baiskeli haiharibu chochote. Tukianza kuhesabu nani anadaiwa na barabara, mwenye baiskeli atakuwa wa mwisho kwenye orodha.

Pingamizi la pili ni kwamba baiskeli inakufa, bodaboda imeshika. Ni kweli bodaboda imebadilisha usafiri wa abiria vijijini. Ila pikipiki inataka petroli kila siku, na mkulima anayepata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, hawezi kulipia kila safari ya shambani. Baiskeli itaendelea kubeba kile ambacho hakina faida ya kutosha kulipia bodaboda, na hicho ndicho chakula cha kila siku. Hata hivyo, tuseme mnaoona mbali zaidi mko sahihi na baiskeli itapungua: bega pana halitakuwa bure. Bodaboda wenyewe, waenda kwa miguu na mikokoteni watalitumia. Pingamizi la tatu ni tabia ya waendesha baiskeli: hawana taa, hawana viakisi mwanga, wanaingia barabarani bila kuangalia. Sitawatetea. Lakini kumfundisha mtu kukaa kwenye upande wake kunawezekana tu pale ambapo upande wake upo. Mkijenga bega, madiwani mtakuwa na msingi wa kudai kila baiskeli iwe na kiakisi mwanga, kitu cha bei ndogo, na polisi watakuwa na sababu ya haki ya kumkamata anayekiuka.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni la nne: bega likijengwa litavamiwa. Litaanikwa mihogo na maharage, litapangwa nyanya, na lori la mizigo litaegeshwa hapo usiku kucha likiwa limewekewa matawi badala ya pembe tatu za kuakisi. Hili haliwezi kumalizwa na TANROADS. Ni kazi yenu, waheshimiwa madiwani. Watu huanika kwenye lami kwa sababu ndiyo sakafu safi, kavu na yenye joto iliyo karibu. Kijiji kikipata sakafu ya zege ya kuanikia karibu na gulio, na malori yakipata eneo lao la kuegesha Kasulu, Kibondo na Kakonko, sheria ndogo itakuwa na maana. Bila hivyo itakuwa chanzo cha faini na rushwa tu. Kuhusu usalama wa wageni katika mkoa unaopokea wakimbizi, kambi ya Nyarugusu ikiwa hapa tangu 1996, ninakubali kwamba taratibu za maeneo hayo ziheshimiwe na njia ya wageni ichorwe mbali na kambi. Lakini barabara yenye watu mchana kutwa, vibao vya kilomita na gesti zinazojulikana ni salama zaidi kuliko barabara tupu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kila moja likiwa na mwenyewe. TANROADS wafanye ukaguzi wa usalama wa miinuko yote kati ya Kidahwe, Kasulu, Manyovu na Kabingo kwa jicho la mwenye baiskeli, na matokeo yawekwe mezani kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa. TARURA waorodheshe vipande vya barabara za zamani na njia za shambani zinazoweza kuunganishwa, na waziingize kwenye bajeti ya matengenezo ya mwaka wa fedha unaokuja. Halmashauri za wilaya hizo nne zikae pamoja, zikishirikiana na Chama cha Baiskeli Tanzania, ziutambue rasmi mzunguko wa Kigoma–Kasulu–Manyovu na mkono wake wa Kibondo: vibao, ramani, orodha ya visima, gesti na mafundi.

Na kabla ya kipande chochote kupokelewa kutoka kwa mkandarasi, kiwekwe kipimo kimoja cha ziada ambacho hakihitaji maabara. Achaguliwe mlima mmoja, ifungwe baiskeli yenye gunia, na mhandisi msimamizi pamoja na diwani wa kata hiyo waisukume hadi juu na kuiteremsha siku ya gulio, mabasi yakiwa yanapita kama kawaida. Kipande kitakachowashinda hao wawili kisipokelewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi wa Mkoa wa Kigoma